Chanjo, vidonge na mwili wa mwanamke: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekaa nyuma ya kaunta ya dawa miaka mingi, na maswali yaliyo hapa ndiyo yanayonirudia. Mengine huulizwa kwa hasira, mengine kwa sauti ya chini, mtu akishasubiri wenzake waondoke. Nimeyaacha karibu kama yalivyoulizwa.

Neno moja kabla hatujaanza. Nikiandika "jinsi" nazungumzia mwili, kuzaliwa mke au mume. "Jinsia", yaani nafasi ambayo jamii inampa kila mmoja, nayo itaingia humu, maana kuna wakati homoni hazina kosa lolote. Mtu ameumia kwa kuwa hakusikilizwa.

Mbona kidonge nakimeza bila kuuliza, lakini nikiambiwa nichanjwe roho inasita?

Kidonge unakifuata mwenyewe ukiwa unaumwa. Chanjo inakufuata ukiwa mzima. Kichwa kikigonga hutaki historia ya dawa, unataka kitulie. Chanjo haikupunguzii maumivu yoyote leo, tena inakuongezea: mkono unauma, homa ya usiku mmoja. Faida yake ni ugonjwa ambao hukuupata, na kitu ambacho hakikutokea hakishikiki. Juu ya hayo, mara nyingi inakuja na mabango, kampeni na masharti ya shule au kazi, na mtu akisukumwa lazima ajiulize anayemsukuma anataka nini.

Sasa niseme jambo linalowashangaza wengi. Ukiangalia ni nani alijaribiwa, hofu yetu imekaa upande usio wake. Vidonge vingi vya zamani tulivyovizoea ndivyo vilivyopimwa zaidi kwa wanaume. Chanjo kubwa za miaka ya karibuni zimejaribiwa kwa wanaume na wanawake kwa idadi zinazokaribiana: jaribio kuu la chanjo ya UVIKO-19 ya Pfizer, lililoanza 2020, lilikuwa na watu wapatao 44,000, karibu nusu yao wanawake. Kilichokosekana huko ni kitu kingine, na nitakifikia kwenye swali la hedhi.

Ni kweli wanawake waliachwa nje ya majaribio ya dawa, au ni maneno ya wanaharakati?

Ni kweli, na iliandikwa rasmi. Mwaka 1977 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa mwongozo uliowaondoa katika hatua za mwanzo za majaribio wanawake "wanaoweza kupata mimba". Neno hilo "wanaoweza" lilivutwa mpaka likakaribia kukatika: anayetumia uzazi wa mpango aliachwa, asiye na mume aliachwa, hata ambaye mumewe alikuwa amefunga kizazi aliachwa. Mwongozo ulikuja kubadilishwa 1993, na mwaka huohuo sheria ikaagiza kwamba utafiti wa kitabibu unaolipiwa na NIH, taasisi za taifa za afya za nchi hiyo, uwajumuishe wanawake.

Walioandika mwongozo ule walikuwa na hofu ya kweli. Thalidomidi ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi 1957 kama dawa ya usingizi, wajawazito wakaitumia kwa kichefuchefu, ikaja kuondolewa mwishoni mwa 1961. Watoto zaidi ya 10,000 duniani walizaliwa na kasoro, wengi wakiwa na mikono au miguu isiyokamilika. Marekani iliponea chupuchupu kwa sababu mkaguzi mmoja wa FDA, Frances Oldham Kelsey, aligoma kuipitisha bila ushahidi wa kuridhisha. Halafu ikaja habari ya DES, homoni ya kutengenezwa waliyopewa wajawazito kwa miaka mingi kuzuia mimba kutoka. Mwaka 1971 ikabainika kwamba baadhi ya mabinti waliozaliwa na mama hao walikuwa wanapata saratani adimu ya uke.

Somo la misiba hiyo lilikuwa kwamba dawa ipimwe vizuri kabla mjamzito hajapewa. Walichofanya ni kuacha kuwapima wanawake, na kuendelea kuwapa.

Mfano ninaoupenda ni wa aspirini. Jaribio mashuhuri la miaka ya 1980 lililoonyesha kwamba aspirini hupunguza shambulio la moyo lilikuwa na madaktari 22,071, wote wanaume. Ushauri ukasambaa kwa kila mtu. Lilipofanyika jaribio la wanawake 39,876, matokeo yake yakatoka 2005: kwa wanawake wote kwa ujumla, aspirini haikupunguza shambulio la kwanza la moyo, ila ilipunguza kiharusi. Dawa ileile, dozi ndogondogo, hadithi mbili.

Hata panya hawakusalimika. Mapitio ya 2011 yaliona kwamba katika utafiti wa ubongo na neva, kwa kila kazi moja iliyotumia wanyama majike peke yao kulikuwa na zaidi ya tano zilizotumia madume peke yao. Kisingizio kilikuwa kwamba mzunguko wa homoni wa majike unavuruga matokeo. Hoja hiyo inajikata yenyewe: kama homoni zinavuruga matokeo kwenye maabara, basi zitayavuruga pia nyumbani kwa mgonjwa, na huko hakuna anayepima.

Dawa inajuaje kwamba mimi ni mwanamke?

Haijui. Inakutana na tumbo, ini, figo, mafuta na moyo, na vyote hivyo vina tofauti za wastani kati ya wanawake na wanaume. Tumbo la mwanamke kwa kawaida huchelewa kidogo kumwaga chakula. Mwili wake una mafuta mengi zaidi kwa uwiano, kwa hiyo dawa zinazopenda mafuta hukaa muda mrefu. Figo zake huchuja taratibu kidogo. Vimeng'enya vya ini, baadhi vinafanya kazi haraka kuliko vya mwanamume na baadhi polepole, ndiyo maana hakuna kanuni moja ya kukariri.

Chukua zolpidemu, dawa ya usingizi iliyoidhinishwa Marekani 1992. Dozi ilikuwa miligramu 10 kwa wote. Mtu anameza saa nne usiku, analala, anaamka, anaingia kwenye gari. Baadaye ilipopimwa damu ya watu karibu saa nane baada ya kumeza, asilimia 15 hivi ya wanawake bado walikuwa na kiwango kinachoweza kuharibu uendeshaji. Kwa wanaume ilikuwa kama asilimia 3. Januari 2013 FDA ikaagiza dozi ya wanawake ishushwe hadi miligramu 5. Hesabu mwenyewe: kwa miaka kama 20 wanawake walikuwa wanaamka na dawa kichwani, wakilalamika kuwa wazito asubuhi, na nina hakika wengi waliambiwa wanafanya kazi nyingi mno.

Moyo nao una yake. Baada ya kila pigo moyo hujichaji upya, na kwa wanawake muda huo ni mrefu kidogo. Dawa inayourefusha zaidi inaweza kuzua mapigo ya hatari, na karibu theluthi mbili ya wanaopatwa na balaa hilo kutokana na dawa ni wanawake. Terfenadini, dawa ya mzio iliyokuwa ikiuzwa kila mahali, iliondolewa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa sababu ya mapigo kama hayo. Ripoti ya 2001 ya wakaguzi wa serikali ya Marekani ilipitia dawa 10 zilizoondolewa sokoni kati ya 1997 na 2000: 8 kati yake zilikuwa na hatari kubwa zaidi kwa wanawake. Tuseme yote lakini: kwa nne kati ya hizo, sababu mojawapo ni kwamba wanawake ndio waliokuwa wakiandikiwa zaidi.

Basi wanawake wapewe nusu ya kila dozi?

Hapana. Ukipunguza dozi ya antibayotiki kwa kubahatisha unawafuga wadudu. Tofauti nilizozitaja ni za wastani. Mwanamume mdogo wa kilo 50 anaweza kufanana na dada yake kuliko na mwanamume mwenzake. Dozi ishuke pale ilipopimwa ikaonekana, kama zolpidemu.

Na chanjo je, nazo hutofautiana kwa jinsi?

Ndiyo, na sana. Kinga ya mwanamke, kwa wastani, hujibu kwa nguvu zaidi. Utafiti mmoja wa chanjo ya mafua uliochapishwa 2008 uliwapa watu dozi nzima au nusu, na kingamwili za wanawake waliopewa nusu zilikaribia zile za wanaume waliopewa nzima. Ukali huohuo una gharama: wanawake huripoti maumivu ya mkono, homa na uchovu zaidi. Kwa hiyo mume na mke wakichanjwa siku moja, mke akalala na homa na mume akaenda kucheza mpira, mke hajideki.

Madhara makubwa na adimu nayo yana jinsi yake. Mzio mkali wa ghafla baada ya chanjo za UVIKO-19 za aina ya mRNA, kama za Pfizer na Moderna, ulionekana zaidi kwa wanawake. Uvimbe wa msuli wa moyo baada ya chanjo hizohizo uliwapata zaidi vijana wa kiume, hasa baada ya dozi ya pili. Aprili 2021 Marekani ilisimamisha chanjo ya Johnson & Johnson kwa siku 10 baada ya damu kuganda vibaya kwa watu 6, wote wanawake wa umri wa miaka 18 hadi 48, kati ya dozi zaidi ya milioni 6.8. Ukichanganya wanawake na wanaume kwenye jedwali moja, alama kama hizo hufifia. Ukiwatenganisha, zinaonekana.

Kuna tukio moja ambalo halizungumzwi vya kutosha. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilitengenezwa chanjo ya surua yenye nguvu kubwa kuliko ya kawaida, ili iwakinge watoto wachanga wasiofikia miezi tisa. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza. Watafiti waliokuwa wakifuatilia watoto Senegal, Guinea-Bissau na Haiti walikuja kuona kwamba watoto wa kike waliopewa chanjo hiyo kali walikuwa wanakufa kwa wingi zaidi katika miaka iliyofuata kuliko wale waliopewa ya kawaida. Mwaka 1992 pendekezo likaondolewa. Chanjo ya kawaida ya surua, ile ambayo watoto wanapata leo, haimo katika kisa hicho. Ila fikiria: kama watafiti wasingewahesabu wasichana peke yao, nani angejua?

Hedhi yangu ilivurugika baada ya chanjo ya UVIKO-19. Nilipouliza nikaambiwa ni mawazo. Nani alikuwa sahihi?

Wewe.

Swali hili ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu, kwa hiyo nivumilie. Mwaka 2021 wanawake walianza kusimulia, kwanza kwa mashoga zao, kisha hadharani: damu nyingi kuliko kawaida, siku kuchelewa, waliokoma hedhi kuona damu tena. Wataalamu wengi walijibu kwamba hakuna ushahidi. Kwa maneno walikuwa sawa. Ushahidi haukuwepo kwa kuwa hakuna aliyeuliza. Katika jaribio kuu la Pfizer baadhi ya washiriki walijaza shajara ya siku saba baada ya sindano: mkono unauma? umevimba? homa? uchovu? kichwa? baridi? kutapika? kuhara? misuli? viungo? Maswali yote hayo, na karibu nusu ya waliojaza ni wanawake, lakini hapakuwa na mstari wa hedhi. Usipouliza hujibiwi, na usipojibiwa unaandika "hakuna ushahidi".

Agosti 2021 NIH ikatoa dola milioni 1.67 kwa taasisi tano zichunguze. Januari 2022 yakatoka matokeo ya kwanza, ya wanawake karibu 4,000 wa Marekani waliokuwa tayari wakirekodi mizunguko yao kwenye programu ya simu: mzunguko ulirefuka kwa wastani wa chini ya siku moja, kisha ukarudi. Waliopata dozi mbili ndani ya mzunguko mmoja walichelewa zaidi, kama siku mbili. Oktoba 2022 kamati ya usalama ya mamlaka ya dawa ya Ulaya ikashauri kwamba damu nyingi ya hedhi iandikwe kwenye karatasi za maelezo za Comirnaty na Spikevax, yaani chanjo za Pfizer na Moderna.

Kwa hiyo jambo lilikuwepo, kwa walio wengi lilikuwa dogo, na lilipita. Lingeweza kusemwa siku ya kwanza kwa sentensi moja: "Hedhi yako inaweza kuchelewa au kuzidi mwezi huu, ikiendelea, rudi." Mwanamke aliyeambiwa hivyo anaona siku zimechelewa na anasubiri. Ambaye hakuambiwa anaona siku zimechelewa na anaanza kuamini lile alilosikia kwamba chanjo inafunga kizazi. Uvumi uliingia kupitia mlango tuliouacha wazi sisi wenye makoti meupe.

Haya, chanjo inafunga kizazi au haifungi?

Haifungi. Uvumi wa UVIKO-19 ulianza Desemba 2020 kwa madai kwamba kingamwili za chanjo zingeshambulia protini ya kondo la nyuma. Jibu zuri kuliko nadharia zote lilikuwa ndani ya jaribio lenyewe. Washiriki waliombwa wasishike mimba, na kama kawaida ya binadamu, wengine wakashika: hadi Novemba 2020 mimba 23 zilikuwa zimeripotiwa katika jaribio la Pfizer, 12 kwa waliopewa chanjo na 11 kwa waliopewa maji ya chumvi. Kizazi kilichofungwa hakifanyi hivyo.

Uvumi kama huo ni wa zamani. Miaka ya 1990 ulizuka Mexico na Ufilipino, na 2014 Kenya, ambako maaskofu wa Kanisa Katoliki walidai chanjo ya pepopunda ina homoni ya ujauzito. Serikali na Shirika la Afya Duniani wakakanusha. Msingi wa shaka ulikuwa swali la haki kabisa: kwa nini wanachanjwa wanawake wa umri wa kuzaa peke yao? Pepopunda huua vichanga kupitia kitovu kilichokatwa kwa kifaa kichafu, na kinga ambayo mama amepata hupita kwenye kondo ikamfikia mtoto kabla hajazaliwa. Hiyo ndiyo sababu, inaelezeka kwa dakika moja. Tena kulikuwa na utafiti wa kweli, hasa India, wa chanjo ya kuzuia mimba iliyounganisha homoni hiyo na sehemu ya pepopunda. Ilikuwa bidhaa nyingine ya majaribio, haikuwahi kuwa ile ya kampeni, lakini mtu akikutana nayo mtandaoni bila maelezo, utamlaumu kwa kushtuka?

Ni mjamzito. Karatasi ya dawa inasema "hakuna data za kutosha". Maana yake ni hatari?

Maana yake ni hiyohiyo iliyoandikwa: hawajui. Kunjua karatasi yoyote iliyomo kwenye boksi la dawa, tafuta kichwa "Ujauzito na kunyonyesha", utaikuta sentensi hiyo au ndugu yake. Mimi na madaktari tunaisoma kama "usitumie", wewe unaisoma kama "sumu", na ugonjwa wenyewe haujui kusoma.

Kisa cha dolutegraviri, dawa ya VVU, kinaonyesha gharama ya kutojua. Mei 2018 watafiti Botswana waliona kasoro za ubongo na uti wa mgongo kwa watoto 4 kati ya 426 ambao mama zao walishika mimba wakiwa wanaitumia. Tahadhari ikatolewa, na baadhi ya nchi zikawazuia wanawake wa umri wa kuzaa wasipewe dawa hiyo bora. Mwaka huohuo wanawake wa Afrika wanaoishi na VVU walikutana Kigali wakasema wazi: tupeni taarifa, tutaamua wenyewe. Ufuatiliaji ukaendelea; 2019 idadi ilikuwa 5 kati ya 1,683, na Julai mwaka huo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dawa kwa wote, wanawake wakiwemo. Kadiri mimba zilivyozidi kuhesabiwa, tofauti na dawa nyingine ikayeyuka.

Chanjo ya Ebola nayo, katika mlipuko ulioanza Mashariki mwa Kongo 2018, haikutolewa kwa wajawazito hadi 2019, ingawa Ebola humuua mjamzito na karibu kila mara humuua aliye tumboni. Kuwalinda kwa namna hiyo ni kuwaachia ugonjwa.

Mambo yanabadilika, ila kwa mwendo wa kobe. Oktoba 2019 kidonge cha Descovy kiliidhinishwa Marekani kuzuia VVU, lakini si kwa wanaoweza kuambukizwa kupitia uke, kwa kuwa jaribio lake halikuwaweka wanawake hao kabisa. Baadaye sindano ya lenakapaviri, nayo ya kuzuia VVU, ilijaribiwa kwa wanawake na wasichana Afrika Kusini na Uganda, na waliopata mimba katikati waliruhusiwa kuendelea. Mwaka 2024 matokeo yakatoka: kati ya 2,134 waliochomwa sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa.

Chanjo ya surua inaleta usonji?

Hapana. Madai yalitoka kwenye makala ya 1998 iliyohusu watoto 12, jarida likaifuta 2010 na mwandishi mkuu akafutwa kwenye orodha ya madaktari Uingereza. Utafiti wa Denmark wa 2019 uliwafuatilia watoto 657,461. Hakuna uhusiano.

Lakini huwezi kuniambia hakuna chanjo iliyowahi kudhuru watu.

Siwezi, na anayekuambia hivyo usimwamini. Mwaka 1955 maabara ya Cutter, Marekani, ilitoa chanjo ya polio ambayo virusi wake hawakuuawa vizuri; watu 10 walikufa na zaidi ya 150 wakapooza. Mwaka 1999 RotaShield, chanjo ya kuzuia kuhara kwa virusi vya rota, iliondolewa baada ya kuonekana kwamba utumbo wa watoto wachache, kama 1 kati ya 10,000, ulijikunja ndani yake. Novemba 2017 watengenezaji wa Dengvaxia, chanjo ya homa ya dengi, walitangaza kwamba mtoto ambaye hajawahi kuugua dengi anaweza kuugua vibaya zaidi baadaye. Ufilipino ilikuwa imeshachanja watoto zaidi ya 800,000, na imani ya watu huko ikaporomoka hata kwa chanjo zisizohusika.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kano, Nigeria, mwaka 1996, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa ya kumeza kwa watoto katikati ya mlipuko wa homa ya uti wa mgongo. Watoto walikuwa 200, nusu kwa dawa mpya na nusu kwa ya kawaida. 11 walikufa, na familia zikasema hazikuelezwa kuwa lile ni jaribio. Kesi ilichukua miaka mingi. Mwaka 2003 Kano ilipokataa chanjo ya polio, wengine waliona ni ushamba, na polio ikarudi katika nchi ambazo zilishaiaga. Kukataa kule kuligharimu miguu ya watoto. Lakini kumbukumbu iliyozaa kukataa huko haikuwa ya kubuni.

Watu 40,000 wanatosha kusema chanjo ni salama?

Wanatosha kwa madhara ya kawaida. Kwa yale adimu, kuna hesabu ndogo inayofaa kila mtu aijue: gawa idadi ya waliojaribiwa kwa tatu. Kama watu 30,000 wamechanjwa na hakuna aliyepata dhara fulani, dhara hilo bado linaweza kuwepo kwa kiwango cha hadi 1 kati ya 10,000. Sasa gawanya kwa jinsi: wanawake 15,000, unabaki na 1 kati ya 5,000. Chukua wanawake wa chini ya miaka 30 tu, uhakika unazidi kupungua. Ndiyo sababu ufuatiliaji baada ya chanjo kuanza kutumika ni sehemu ya jaribio lenyewe, ingawa watu wengi hawauiti hivyo.

Nimeona orodha ya maelfu waliokufa baada ya kuchanjwa, tena ni ya serikali.

Orodha hiyo ipo. VAERS, mfumo wa Marekani wa kuripoti madhara ya chanjo ulioanza 1990, hupokea taarifa kutoka kwa yeyote, kama ilivyo leo Kadi ya Njano ya Uingereza, iliyoanza 1964. Ni sanduku la maoni: kazi yake ni kunusa moshi, na haikuambii kama kuna moto. Ukichanja mamilioni ya wazee wiki moja, baadhi watakufa wiki hiyo, kama ambavyo wangekufa bila sindano. Hata maudhi madogo yanadanganya: katika majaribio ya chanjo za UVIKO-19, asilimia 35 ya waliopewa sindano isiyo na chanjo walilalamika maumivu ya kichwa, uchovu na mengineyo baada ya dozi ya kwanza.

Lakini moshi wa damu kuganda 2021 ulinuswa kwa njia hiyohiyo. Sanduku hilo lina thamani kubwa kwa anayejua linavyosomwa.

Nimuulize nini mhudumu kabla sijakubali?

Uliza ilijaribiwa kwa watu wa umri na jinsi yako au la. Uliza madhara gani yanatarajiwa siku tatu za mwanzo na yapi ni ya kukimbilia hospitali. Uliza hatari ya kutochanjwa, maana hiyo nayo ni uamuzi. Mhudumu akikujibu "sijui, ngoja nitazame", umempata mtu mzuri. Akikufokea, hajathibitisha kwamba chanjo ni mbaya. Amethibitisha kwamba amechoka.

Nikipata tatizo, niripoti nini?

Jina la dawa au chanjo na namba ya toleo iliyo kwenye boksi au kadi. Siku na saa uliyopewa, saa dalili zilipoanza, ulikuwa unatumia dawa gani nyingine, zikiwemo za uzazi wa mpango na za mitishamba. Mpelekee aliyekupa, au mfamasia, umwombe ajaze fomu ya madhara ya dawa mbele yako. Kama wewe ni mwanamke, taja ujauzito na tarehe ya hedhi yako ya mwisho. Fomu isipokuwa na nafasi ya kuiandika, mwambie aiandike pembeni.